Soksi Ndani ya Spika

Jumatatu, 4 Machi

Spika ya kulia imelipuka tena nilipoiwasha. "Pwaa", halafu ule mngurumo wake wa chinichini, halafu harufu ya kitu kinachoungua. Nilikuwa nimejificha nyuma ya godoro na swichi niliisukuma kwa mpini wa ufagio, kwa hiyo mwili uko salama. Moyo ndio haujarudi mahali pake.

Dada mkubwa akapiga hodi kuuliza harufu ya nini. Nikamwambia dawa ya mbu. Akasema mbona mchana. Nikamwambia mbu wa siku hizi hawana ratiba. Hakucheka. Akanikumbusha, kwa ile sauti yake ya upole inayonitia baridi, kwamba hiki chumba cha uani nilichokigeuza studio ya muziki ni chake, kwamba mumewe anakitaka kwa ajili ya cherehani zake, na kwamba wimbo wa kikundi cha shangazi ndio nafasi yangu ya mwisho. Jumamosi wanarekodi. Jumapili wanakuja wote kuusikiliza sebuleni. Ukiwa mzuri, studio inabaki. Ukiwa mbaya, naingia kazini kwa shemeji, kupiga pasi. Shemeji ameshaniambia nitaanza na suruali.

Naogopa pasi. Naogopa shangazi. Kwa leo naogopa spika kuliko wote.

Niitengeneze au ninunue mpya? Nikiipeleka kwa fundi ataifungua, na mtu akishafungua kitu lazima aseme alichokiona ndani. Nikinunua mpya, akiba yote niliyoficha ndani ya mto itakwenda na maji. Nimewaza mpaka chai ikapoa. Uamuzi: kesho nakwenda kupeleleza.

Jumanne, 5 Machi

Nimekwenda kwa Masikio. Ndiye mwenye studio mtaa wa pili, na hilo jina kajipa mwenyewe. Ana spika mpya, nyeusi, hazina hata mkwaruzo. Nilijifanya napita tu kusalimia. Mfukoni nilikuwa na flashi yenye kazi yangu bora kuliko zote, tangazo la duka la dawa. Mpango: nilisikilize kwenye spika zake, nijue kama mpya zinafaa.

Akalipiga. Mungu wangu! Upande wa kushoto mambo shwari. Upande wa kulia kila neno lilitoka kama kisu kinachokwaruza sahani. Paka wa Masikio aliruka dirishani akaenda zake. Masikio akaniuliza, kwa heshima zote, kama nilikuwa naumwa wakati nachanganya sauti za ile kazi. Nikamwambia spika zake zina kasoro ya kiwandani na azirudishe mapema. Nikachomoa flashi yangu nikaaga.

Njiani nikajituliza. Tangazo lile linapigwa dukani kila siku. Mwenye duka aliwahi kuniambia kwamba tangu lianze, wateja wananunua haraka na kuondoka. Kama si sifa ile ni nini?

Uamuzi: spika mpya hazifai. Natengeneza.

Jumatano, 6 Machi

Fundi ana tabia ya kuguna. Anafungua skrubu, anaguna. Anapuliza vumbi, anaguna. Kila akiguna namwuliza kama itapona, utadhani nimempeleka mzazi hospitali.

Akasema kapasita, vile vikopo vidogo vya umeme vya ndani, zimevimba, ndizo zinazonguruma na kunuka. Hilo nililitegemea. Kisha akasema ile spika ndogo ya juu, inayotoa sauti nyembamba, imekufa siku nyingi. Akaniuliza tangu lini. Nikasema tangu wiki iliyopita. Akanisogezea taa. Kwenye ile spika ndogo palikuwa na utando mzito, buibui katikati, na watoto wake, na nadhani wajukuu. Fundi akamtazama buibui, akanitazama mimi, akaguna.

Akasema sanduku bado zima na hakuna haja ya kununua mpya, atabadilisha vilivyokufa. Ila hizi ni pacha, zimezeeka pamoja, kwa hiyo nimpelekee na ya kushoto, maana nayo iko njiani. Nikakataa. Ya kushoto haingurumi, hainuki, haijanikosea lolote. Mafundi nawajua. Ukiwaachia watakufungulia mpaka redio ya jirani.

Alhamisi, 7 Machi

Imerudi. Niliiwasha kwa ufagio, nyuma ya godoro, kama kawaida yangu. Kimya. Hakuna mlipuko, mngurumo wala harufu. Nikatoka mafichoni nikaipapasa kwa mapenzi. Nikaweka tangazo la duka la dawa.

Kisu na sahani. Vilevile kama kwa Masikio.

Nikaweka wimbo wa harusi ya binamu. Kisu. Nikaweka wimbo wa watoto wa chekechea, na hapo kila mtoto alikuwa na kisu chake. Nikakaa sakafuni. Nikaelewa. Muda wote buibui alipokuwa analea, spika ya kulia haikuwa na sauti nyembamba hata chembe, na mimi, kwa kuona imefifia, nilikuwa naiongeza kwenye kila kazi. Naongeza, haisikiki, naongeza tena. Hedifoni nazo zisingenisaidia, zangu zinasikika sikio la kushoto tu.

Sasa nakumbuka mengi. Bibi harusi wa binamu aliinamisha kichwa upande mmoja wimbo mzima, tukasema ni haya. Mtoto wa jirani analia kila akipitishwa karibu na duka la dawa, tukasema anaogopa sindano.

Nimefunga dirisha. Naogopa kweli. Masikio huenda ameshajua, na akijua yeye, shangazi atajua kabla jua halijazama. Hakuna atakayeniletea wimbo tena. Itabaki suruali.

Mtu mwenye akili zake angekaa arekebishe kazi zote, moja moja. Mimi nina mpango mwepesi zaidi.

Ijumaa, 8 Machi

Nimekwenda kumwomba fundi airudishe spika ilivyokuwa. Hakunielewa. Nikamfafanulia kwamba imepona kupita kiasi, kwa hiyo airudishie ugonjwa kidogo, si wote, ile harufu abaki nayo. Akasema kazi yake ni kutengeneza, na kwamba nikapumzike nyumbani, ninywe maji mengi. Kisha akaulizia tena ile ya kushoto. Sijui ana lake gani na ile ya kushoto.

Nikaamua kujitegemea. Kwenye kamba ya nguo nilikuta soksi ya shemeji, ya sufu, nene. Nikaikunja, nikaishindilia juu ya ile spika ndogo, nikarudishia kava lake la kitambaa. Visu vyote kimya! Kazi zangu zote zikawa nzuri kama zamani. Machozi yalinilengalenga.

Mchana shemeji alizunguka uani amevaa soksi mguu mmoja, akiuliza kila aliyemwona. Nikamsaidia kutafuta. Niliinama mpaka chini ya tangi la maji. Akanishukuru, nami nikaogopa zaidi.

Jumamosi, 9 Machi

Kikundi kimekuja. Shangazi ndiye kiongozi, na akiingia chumbani hata mimi nachomekea shati. Kina mama wakasimama mbele ya maiki wakaimba. Waliimba vizuri mpaka nikasahau kuogopa kwa ubeti mzima. Walipomaliza, shangazi akasema anataka kusikia sauti yake. Akaketi upande wa kulia. Nikamsogezea kiti cha kushoto, akakikataa.

Akasikiliza kidogo. Akasema anasikika kama mtu aliyefungiwa kabatini. Nikamwambia ndio mtindo wa sasa, shangazi. Akainuka, akasogeza sikio, akagusa kava. Kava likamdondokea mkononi. Soksi ikafuata.

Akaishika kwa vidole viwili. Kina mama wote wakaitazama. Shemeji, aliyekuwa amesimama mlangoni na futi yake ya kupimia nguo shingoni, akasema taratibu kwamba hiyo soksi anaifahamu. Dada akatazama dari. Mimi nikaona suruali, mvuke, na umri wangu wote uliobaki.

Lakini wimbo ulikuwa bado unaendelea, na sasa sauti ya shangazi ilitoka wazi, kama ilivyo. Sikuwa nimepata muda wa kuongeza wala kupunguza kitu. Soksi ikashuka pamoja na mkono wake. Akasema tangu azaliwe hajawahi kujisikia hivyo, kisha akafuta macho, bahati nzuri kwa mkono ule mwingine. Akanishika bega akaniambia, "Mwanangu, hapohapo. Usiuguse tena." Nikaapa mbele ya wote. Dada akatabasamu, mara ya kwanza wiki hii. Shemeji akaondoka na soksi yake.

Studio imepona. Nimepona.

Walipoondoka nikausikiliza tena, kwa raha zangu tu. Mzuri sana. Ila, sijui ni mimi, upande wa kushoto ni kama umefifia kidogo. Nikasogea karibu. Kweli umefifia. Bila shaka kina mama wa upande ule walitegea. Nikaingiwa na hofu: kesho wataumbuka mbele ya wenzao, halafu shangazi atanigeukia mimi. Basi nikaongeza sauti nyembamba kidogo upande ule. Haikusikika. Nikaongeza tena.

Jumapili, 10 Machi

Wimbo ulipoanza tu kwenye redio ya dada, waliokaa upande wa kushoto wa sebule walihamia kulia. Wote, na viti vyao. Shangazi akaziba sikio moja, akanitazama kwa jicho ambalo sitalisahau. Akauliza kama niliugusa. Nikasema redio ya dada ina kasoro ya kiwandani. Dada akazima redio. Kisha akasema, kwa ile sauti yake ya upole, kwamba cherehani zinaingia leoleo.

Moja imeshaingia. Shemeji amenionyesha pasi ilipo, na rundo la suruali. Studio yangu sasa ni kona moja, mpaka nitakapopata pa kuhamia. Nimelia kidogo, kisha nimejikaza nikawasha spika nisikilize kosa lilikuwa wapi. Ya kulia ikawaka vizuri. Ya kushoto ikapiga "pwaa", ikanguruma, ikatoa harufu ya kuungua.

Hapo ndipo nilipozinduka. Nimekuwa mjinga wiki nzima! Ile ya kulia imetoka na ugonjwa kwa fundi ikamwambukiza mwenzake. Kesho asubuhi nitakuwa mlangoni kwake, na akiguna nitaguna.

Dada amepiga hodi kuuliza harufu ya nini. Nikamwambia ni pasi, nimeanza mazoezi.