Pipa la Faridi

Sukari ilipoadimika Gitega, watu wazima walijifunza kunywa chai chungu huku wakidai kwamba ndivyo walivyoipenda tangu zamani. Faridi hakudai hivyo. Alitazama msururu wa watu mbele ya duka, akatazama lundo la unga wa mbao nyuma ya karakana ya seremala, kisha akatabasamu kama mtu aliyeletewa salamu na jamaa tajiri.

Haja yake ilikuwa kubwa. Mzee Aboubakar, fundi cherehani, alikuwa amekubali kumwoza binti yake Yasmina kwa sharti moja. "Ijumaa wageni wangu wanywe chai ya sukari," alisema. "Lete magunia mawili. Ukikosa, utabaki rafiki wa familia." Faridi alimpenda Yasmina kwa dhati. Hilo ndilo jambo pekee ambalo hakuwahi kulisema kwa uongo, na pengine ndiyo sababu alilisema vibaya.

Tumtendee haki: hakuwa mjinga. Alisoma kemia chuoni mwaka mmoja na nusu, mpaka ilipojulikana ni nani aliyekuwa akiuza mitihani. Alijua kwamba ndani ya mti mna sukari iitwayo ksilosi, iliyofungamana kama shanga za tasbihi, na kwamba ukichemsha mbao au magunzi ya mahindi katika asidi hafifu, uzi hukatika na shanga zikatawanyika. Alijua pia kwamba viwanda huiongezea sukari hiyo hidrojeni kwa shinikizo kubwa, ikawa ksilitoli, unga mweupe mtamu unaotiwa katika shikleti za kutafuna. Alichokosa ni kiwanda. Badala yake alikuwa na pipa lenye sakafu mbili, na katikati ya sakafu hizo alificha kilo kadhaa za ksilitoli zilizonunuliwa Bujumbura.

Akaenda nalo Muyinga, kwa Mama Zuena, mfanyabiashara aliyekuwa ameficha sukari stoo akingoja bei ipande. Mtaa mzima ulijua siri hiyo na kuitunza kwa heshima.

Pipa lilichemka uani, limejaa maji ya ndimu na unga wa mbao za mikaratusi, aliokuja nao kwa magunia. Faridi alisoma joto la mvuke kwa kiganja, akanong'ona maneno ya Kifaransa ambayo hayakuhusiana, kisha akavuta kidroo cha chini. Unga mweupe ukamwagika. Mama Zuena akaulamba.

"Mbona iko baridi?"

"Ikiyeyuka inachukua joto la ulimi, Mama. Na vijidudu vya meno haviwezi kuila. Vinaipokea tu, vinalala njaa."

"Na mwenye ugonjwa wa sukari?"

"Kwake inapanda polepole. Haisumbui damu kama ile ya miwa."

"Na mtu akizidisha?"

Hapa tapeli mwangalifu angekohoa. Lakini Faridi alikuwa na udhaifu wa wasomi wote: hakuweza kuliacha swali zuri lipite bila jibu.

"Nyingi hainyonywi, Mama. Inashuka utumboni, inavuta maji. Vijiko viwili, vitatu, basi."

Mama Zuena akaitikia kwa kichwa taratibu. "Bon. Pipa, bei gani?"

"Kwako we mama yangu sitaki pesa. Nipe tu magunia mawili ya sukari."

Mama Zuena alilitazama pipa, akamtazama mwenye pipa, akarudia kulitazama pipa.

"Sukari?"

"Ya miwa," Faridi akasema. "Ya... kulinganisha."

"Voilà. Iko sawa."

Magunia yakatolewa stoo. Faridi alizamisha mkono hadi kiwiko, akaonja, akashuhudia yakishonwa kwa kamba ya katani na kuwekwa langoni kungoja gari. Alikwisha kuisikia harufu ya pilau ya harusi.

"Sasa majirani waonje chai yako," akasema Mama Zuena.

Katika nchi ile, aletaye kinywaji hukinywa kwanza, ili mgeni ajue kwamba ni salama. Desturi hiyo ni ya kale na haina ubaya wowote. Mama Zuena alichota vijiko vinne vilivyofurika, akakoroga, akampa Faridi aonje kikombe cha jirani wa kwanza, Jeska. Kisha cha Adventina. Kisha cha Anisia.

"Mama, si nimeshaonja?"

"Umemwonjea Jeska na Adventina. We unataka Anisia afe?"

Anisia, aliyekulia Tanzania, akasema kwa upole, "Mimi sina haraka, kaka. Kunywa tu taratibu, mpaka chini."

Majirani waliendelea kuwasili, kila mmoja na kikombe chake. Baada ya muda, ndani ya Faridi sayansi ikaanza kuthibitika. Aliuliza choo kilipo. Alirudi, akaonja tena kwa ajili ya heshima, akakimbia tena. Safari ya mwisho alikaa huko muda mrefu, akitafakari utumbo mkubwa kwa undani ambao chuo hakikuwahi kumfikishia. Alipotoka, amepauka, dereva alikuwa akipiga honi na magunia yalikuwa yamekwisha kupakiwa, yameshonwa kwa kamba ileile.

Alhamisi jioni, Gitega, Mzee Aboubakar alikata kamba kwa mkasi wake wa kazi mbele ya wanawake waliokuwa wakisafisha sufuria. Unga wa mbao ukamwagika miguuni pake, mwekundu, wenye harufu nzuri ya mikaratusi.

Faridi akampigia simu Mama Zuena. Yasmina akaichukua, akabonyeza spika.

"Mama, umeniibia! Mi nimekuta mbao!"

"Umekuta sukari, mtoto wangu. Si we ulinifundisha? Iko ndani. Chemsha."

"Pipa liko kwako!"

"Pipa! Mtu mwenye pipa linatoa sukari, anatembea mpaka Muyinga kutafuta sukari ya nini? Hapo ndipo nilikujua."

Yasmina ndiye aliyeanza kucheka. Mzee Aboubakar akaomba simu.

"Samahani, Mama. Mi ni Aboubakar, fundi cherehani. Uko na mtoto wa kiume?"

"Niko naye. Hajaoa."

"Na sukari?"

"Iko."

Faridi aliketi juu ya gunia ambalo, kisayansi, alikuwa na haki kamili ya kuliita la sukari. Alimtazama Yasmina akifuta machozi ya kicheko kwa ncha ya mtandio, akangoja neno moja tu la kumtetea.

"Baba," Yasmina akasema, "muulize anaitwa nani."