Chenso Iliyonasa kwenye Mlingoti wa Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Leo nimenunua chenso, msumeno wa injini! Mpya! Nyekundu, ina stika ya simba ubavuni na kitabu cha maelezo kwa lugha nisiyoijua. Haidhuru, picha zinajieleza. Abdulatif, mwenye duka la mashine pale Makambako, aliniuliza nataka kukata nini. Nikasema miti. Akasema hii ndogo ni ya kupunguzia matawi ya ua, kwa mti mnene nichukue ile kubwa ya rafu ya juu. Nikamwambia asinifundishe kazi. Wenye maduka wote ni walewale, kwao cha bei ya chini hakikosi kasoro na cha bei ya juu ndicho chema.

Mpango wangu ni huu. Mama mkwe, kule Kichiwa, ana mlingoti nyuma ya nyumba, mkaratusi mnene, umeinamia chumba chake cha kulala. Anataka ukatwe kabla upepo wa Agosti haujakolea. Manase, shemeji yangu, kaka yake mke wangu Hulda, aliahidi kuukata akirudi kutoka kambi ya mbao Jumamosi. Ana chenso yake ya zamani, anaisifia kupita watoto wake. Na ndiye aliyesema mbele ya ukoo mzima, siku ya kipaimara cha binti yangu, kwamba dalali wa viazi kama mimi akishika shoka, mti unacheka. Haya. Mti nitaumaliza kabla hajarudi. Akute kuni zimepangwa!

Saa nane nilikuwa Kichiwa. Mama mkwe yuko shamba la mbali. Vizuri sana. Nikakata mdomo, lile pengo la kwanza, upande wa shamba la nyuma, kama kwenye picha, ili mti uangukie huko. Mashine ikaimba! Nikahamia upande wa nyumba, nikaanza kukata mgongo wa mti. Ikaimba, ikakohoa, ikazima. Nikavuta kamba ya kuwashia. Kamba ikaja yote mkononi. Hapo hapo mti ukarudi nyuma kidogo, ukaukalia upanga wa chenso. Hautoki. Nimevuta, nimepiga teke, nimesali. Hautoki.

Mti umekatwa zaidi ya nusu na bado umesimama. Ukianguka, unaangukia kitanda cha mama mkwe. Nadhani kinachouzuia ni ile chenso. Nimezungushia shina mabua ya mahindi, nikachukua bodaboda, nikarudi kwangu Mahongole. Hulda ameuliza kama nimeukata. Nimesema bado kidogo. Naogopa.

Jumanne, 5 Agosti

Sikulala. Kila bati lililogonga mtaani nilijua ni mlingoti. Nimewaza msiba. Nimewaza polisi. Nimewaza Manase akisoma wasifu wa marehemu huku akinitazama.

Lazima mama mkwe atoke kwenye ile nyumba. Ila nitamwambiaje? Kwa ukoo wa Hulda, mkwe wa kiume hasemi na mama mkwe ana kwa ana, wala hakanyagi ndani ya nyumba yake. Neno hupitia kwa mtu mwingine. Miaka yote ya ndoa desturi hii imenifaa mno, maana asiyeweza kukuuliza hawezi kukukamata. Leo naiona itamwua.

Nimefika Kichiwa asubuhi. Ndama amefungwa kwenye mti! Anakula mabua yangu! Akipumzika kula, anajikuna ubavu kwenye shina. Akijikuna, majani juu yanatikisika, na mimi chini natikisika. Mama mkwe amekaa barazani anapukuchua mahindi. Nikausalimu ukuta, kamwene, naye akauitikia ukuta. Nikampigia Hulda amwambie mama yake asimfunge ndama pale. Hulda akauliza kwa nini. Nikasema magome ya mlingoti yana sumu mwezi huu.

Simu ya mama mkwe ikalia hatua chache kutoka niliposimama. Akasikiliza, akacheka hadi akajifuta machozi, akamjibu Hulda kwamba ndama wake wote wamekulia kwenye mti ule. Hata hivyo akainuka, akaja kumfungua. Akasimama kidogo kutazama pale mabua yalipoliwa. Kisha akaondoka na ndama wake. Nashukuru macho yake siku hizi hayaoni vizuri.

Jumatano, 6 Agosti

Kwa Abdulatif, na kamba mkononi. Nilipanga kufoka. Akaitazama kamba, akauliza mashine yenyewe iko wapi. Nikasema iko kazini.

Akauliza petroli niliichanganya na oili? Nikauliza oili ipi. Kisha akamtuma mkewe, Bi Salha, alete chai, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa kweli, maana Abdulatif hatoi chai ovyo. Amesema mashine hizi hazina ubaya. Yeye mwenyewe anayo nyumbani, mwaka wa tatu sasa, anapunguzia mipera na haijamsumbua. Ubaya ni kuipa kazi ya baba yake. Mti ulioukalia upanga unataka kabari, kamba ndefu na mtu anayejua. Na nyumba ile, akauliza, kuna mtu anakaa?

Nikasema hapana. Sijui kwa nini. Mdomo ulijisemea wenyewe. Akasema alhamdulillahi, maana mti wa namna hiyo hauna saa. Nikaacha chai, nikaaga.

Mtu anayejua ni Manase. Nimelitafuta jina lake kwenye simu, nimelitazama, nimeizima simu. Nikimwita, nitakuwa hadithi ya kila kipaimara hadi nizikwe. Nisipomwita, atazikwa mtu mwingine. Nimeiwasha tena. Nimeizima.

Alhamisi, 7 Agosti

Nina akili! Kesho ni Nane Nane. Nilimtuma Bi Fidelia, jirani pale Kichiwa, amwambie mama mkwe kwamba mkwe wake anataka kumpeleka Mbeya kwenye maonyesho, akaone ng'ombe wa maziwa wa kisasa, alale huko, hata mara mbili. Bi Fidelia akaenda, akarudi. Mama anashukuru sana, ila ng'ombe ameshawaona.

Basi nikamtuma tena. Aseme Hulda anaumwa, hali si nzuri, anamtaka mama yake Mahongole leo hii. Mwanamke gani atakataa hilo? Bi Fidelia alichelewa kurudi, na aliporudi alinitazama kwa namna nisiyoipenda. Mama amesikia. Mama anasema mgonjwa aletwe Kichiwa. Kesho jioni kina mama wa usharika watakuja kumwombea nyumbani.

Mungu wangu! Nilitaka kumtoa mtu mmoja chini ya ule mti, sasa nimeuleta usharika mzima. Na mke wangu katikati!

Nyumbani nilimkuta mgonjwa anafua mablanketi. Akasema mama yake amempigia kumuuliza anaumwa nini, na yeye angependa kujua pia. Nikasema labda malaria. Akaendelea kufua. Hulda akigomba namwelewa. Akifua kimya hivyo, nywele zinanisimama.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimerudi usiku, naandika yote.

Upepo tangu alfajiri. Hulda aliondoka na watoto mapema, hakuniaga. Nilijificha dukani kwa kinyozi hadi mchana, nikijidai nasubiri zamu. Kinyozi aliponiita nikakimbia.

Nimefika Kichiwa saa kumi. Kina mama walikuwa wameshaanza kuimba, pambio baada ya pambio, na mlingoti juu unakwenda na kurudi. Mlango wa mama mkwe umerudishiwa. Sauti zinatoka huko huko upande wa nyumba. Nilizunguka nyuma. Ule mwanya kwenye shina ulikuwa unafunguka na kufumba. Ndani ya mti kitu kinalia, tik, tik.

Nikaweka mgongo kwenye mti, upande wa nyumba, nikausukuma kuelekea shambani. Mimi! Nausukuma mlingoti! Nilijua ni upuuzi hata nilipokuwa nausukuma, lakini miguu ilikataa kwenda kwingine. Kila upepo ulipovuma niliusikia uti wa ule mti ukipasuka mgongoni mwangu. Nikaanza kulia. Nimwambie nani? Nipite kwa nani? Wote wa kupita kwao wako ndani wanaimba.

Nikamkumbuka mama mkwe. Huyu mama hajawahi kusema na mimi hata neno moja, lakini kila akivuna maharage anatuma debe, na anayelileta anasema, mama kasema mkwe ale ashibe. Mtoto wetu wa kwanza alipozaliwa alivua shuka lake la begani njiani, akampa Hulda, akarudi Kichiwa kwenye baridi ya Julai bila kitu. Nampenda. Sijawahi kuliandika hilo popote, na leo ningemwua kwa ajili ya kumkomesha Manase.

Nikaacha mti. Nikazunguka mbio, nikasukuma mlango, nikaingia. Ndani ya nyumba ya mama mkwe! Nikapiga kelele watoke, mti unaanguka, nimeukata vibaya, ni mimi, watoke!

Hakuna mtu.

Nikaingia hadi chumbani. Kitanda hakina godoro. Misumari ya ukutani haina nguo. Jikoni jivu la baridi, sufuria hakuna, kuku hakuna. Nimesimama pale kama mwizi aliyetanguliwa na wezi wenzake. Ndipo nikasikia vizuri. Wimbo ulikuwa unatoka ng'ambo ya ua, nyumbani kwa Manase. Wimbo ukaisha, mama mmoja akaanza kuomba. Alikuwa akimwombea Obed, ajaliwe kinywa cha kusema kweli. Obed ni mimi.

Juu yangu mti ukalia, safari hii kwa sauti kubwa. Nami nikaganda. Kweli niliganda, nikiitazama dari. Kisha sauti ya mwanamke ikapiga ukelele kutoka kwenye ua, sauti nisiyoizoea ikiniita kwa jina. "Obed! Toka humo, mwanangu! Toka!"

Alikuwa mama mkwe. Nikatoka, nikakimbia hadi katikati ya shamba la viazi, nikakaa chini, nikalia mbele ya usharika.

Manase alikuwa ameshuka kwenye lori la mbao muda huohuo. Mama yake alimwita tangu Jumanne, lakini kambi haikumpa ruhusa hadi leo. Hakuniambia kitu. Alitupa kamba juu, akawapanga wanaume wa jirani na kina mama waishike kule shambani, akagonga kabari kwenye mwanya, taratibu, nyundo baada ya nyundo. Mti ukaenda wenyewe ulikotakiwa kwenda. Ardhi ikatingishika. Akaichomoa chenso yangu, upanga umepinda, akaniwekea miguuni. Ningefurahi kama angenicheka.

Hulda alinieleza tukirudi. Macho ya mama yake yanaona vizuri kabisa. Aliuona mwanya Jumanne, ndama alipomaliza mabua, na Jumatano nilipokuwa Makambako akahamia kwa mke wa Manase na kuku wake wote. Majirani walitaka kunisema. Mama mkwe akawakataza, akasema mwacheni, atasema mwenyewe. Aliposikia Mbeya akasema, bado. Aliposikia Hulda mgonjwa akaingia ndani, akajifunika kanga, hakutaka chakula. Alikuwa ananisubiri.

Jumapili, 10 Agosti

Sikwenda kanisani. Nimesema nina malaria. Hulda amesema pole.

Jumatano, 13 Agosti

Ujumbe umekuja kutoka Kichiwa kupitia kwa Hulda. Mama mkwe amenisamehe. Mti umepasuliwa, mbao zangu nimewekewa, na debe la maharage limeletwa. Anaomba jambo moja tu. Siku nyingine nikiharibu, niseme siku hiyohiyo, hata kama ni kwake mwenyewe, mdomo kwa mdomo, desturi itavumilia. Nilimwambia Hulda ajibu kwamba nimeelewa kabisa. Machozi yalinilengalenga.

Nimetafakari kosa langu siku zote hizi na sasa nimeliona. Chenso ilikuwa moja! Ningekuwa na mbili, ya pili ingeikata ile ya kwanza ikatoka, na haya yote yasingetokea. Ni hesabu rahisi. Nimerudi kwa Abdulatif kuchukua mbili za simba. Alikataa kuniuzia. Nikazinunua duka la jirani yake. Abdulatif alisimama mlangoni pake, akauliza kwa sauti kama safari hii nyumba ina watu. Nilijifanya nimepigiwa simu.

Kazi nimeshaipata. Mchungaji wetu hapa Mahongole ana msindano, mpaini mnene, umelalia upande wa nyumba yake, na nilimwahidi kuutoa bure, kusafisha jina. Petroli safari hii nimeichanganya na mafuta, ya alizeti, ndiyo yaliyokuwepo jikoni. Nilianza baada ya chakula cha mchana. Chenso ya kwanza imenasa. Ya pili niliiingiza kuikomboa ya kwanza. Nayo imenasa.

Naandika haya nyuma ya tanki la maji la usharika. Upepo umeanza. Mchungaji amefungua dirisha sasa hivi, akauliza kama kuna haja ya kuwahamisha watoto usiku huu.

Nimemwambia awalaze tu.