Samli ya Macho Gakindu

Griffins alishuka Gakindu siku ya soko akiwa na mfuko wa mikanda ya kupunguza tumbo. Kabla hajaufungua, akaona kitu kilichomfurahisha kuliko mikanda: nusu ya soko ilikuwa na macho mekundu. Wachuma kahawa walikuwa wameambukizana, kope zimevimba kama maandazi.

Mikanda ikabaki mfukoni. Alipomaliza kikombe cha chai, Griffins alikuwa tayari ni daktari wa Ayurveda, tiba ya Wahindi, aliyesomea huko huko India. Ukweli ni kwamba alikuwa ameona video moja ya tiba hiyo kwenye simu, na hakuifikisha mwisho.

Akakodi chumba cha nyuma cha hoteli, akaitisha unga wa chapati na samli.

"Tunazungushia jicho donge la unga, tunajaza samli vuguvugu," aliwaeleza watu. "Jicho linakunywa. Wekundu, chokea, kope kuvimba, yote kwisha. Na leo ni bure."

Wakaja wagonjwa, wakaja na wazima. Mzee Peterson, mwenye nyumba za kupangisha, macho yake hayakuwa na neno. "Mimi niwekee tu," alisema. "Itakuwa ya mwaka ujao."

"Simu wekeni kwenye kikapu hiki," daktari akaagiza. "Moto wa simu unachachusha samli."

Wakalala kwenye mikeka, macho yamezibwa kwa unga, wametulia kama watu wanaoombewa. Griffins alikuwa ameinama kukichukua kikapu aondokee mlango wa nyuma, aliposikia sauti ya mama mmoja aliyebaki kwenye foleni, aliyejiita Wakiuru.

"Daktari, kwani hata wewe uko na jicho nyekundu?"

Kweli lilikuwa likimwasha tangu amshike mgonjwa wa tatu.

"Ni vumbi tu, mama."

"Ati vumbi? Ama hiyo dawa yako huiamini?"

Kwenye mikeka nyuso zikaanza kugeuka, samli ikitaka kumwagika. "Kama yeye hataki," alisema Mzee Peterson kutoka sakafuni, "mimi natoa hii kitu sasa hivi."

Griffins akaona heri alale kidogo kuliko kukosa kikapu. Wakiuru akambandika unga kwa mikono laini, akamimina samli, akamwambia kwa upole, "Usifungue mpaka nikwambie."

Akangoja. Hakuambiwa.

Alipoketi, samli ikimtiririka shingoni, Wakiuru hakuwepo. Kikapu hakikuwepo, mikanda haikuwepo, wala viatu alivyovivua ili alale vizuri. Wagonjwa wakampeleka polisi akiwa na soksi.

"Huyo mama anafanana aje?" aliuliza Afisa Musembi.

"Ni mrefu kidogo," alisema Griffins akipepesa. "Ama mfupi. Jicho lilikuwa linatoa machozi."

Musembi akawageukia wengine. "Na nyinyi?"

"Tulikuwa na samli," walijibu.

"Sauti tulisikia," Mzee Peterson aliongeza. "Tulidhani ni nesi wake."

Musembi akasugua jicho lake la kushoto, ambalo kope yake ilikuwa na chokea tangu juzi. Akatazama mlangoni kama mkubwa wake yuko karibu, kisha akamwinamia Griffins.

"Hiyo samli," aliuliza polepole, "ilibaki?"