Nilivyomfokea Shangazi wa Mchumba Wangu kwa Spika

Leo nimeaibika, jamani. Si aibu ile ya kujikwaa barabarani, ukainuka ukajipangusa vumbi. Ni aibu ya mbele ya wakwe.

Niende taratibu ili tuelewane. Mnajua nina duka la pembejeo hapa Bariadi: mbegu, dawa za pamba, pampu za kunyunyizia. Majuzi pampu moja iliondoka bila kuaga (pampu hazina miguu, mmenielewa). Nikaamua kuweka ulinzi. Nikachukua laptop yangu ya zamani, nikaipandisha juu ya kabati, nikaibandikia kamera ndogo kwa solotepu, nikaweka programu ya ulinzi. Ni rahisi, msiogope! Kitu kikitikisika mbele ya kamera, simu yako inalia. Unafungua, unaliona duka lako popote ulipo. Ukibonyeza alama ya maiki, sauti yako inatoka kwenye spika za laptop. Kuna na kitufe chekundu cha king'ora. Kasoro ilikuwa moja: maiki ya dukani imekufa, kwa hiyo naona na nasema, ila sisikii.

Leo nilikuwa na safari ya Nkololo, kujitambulisha kwa kina Kabula, mchumba wangu. Duka nikamwachia baba. Nikamwonyesha benchi.

"Baba, kaa hapa nikuone."

"Unione kwani mimi ndama?"

Lakini akakaa.

Nkololo nimepokewa vizuri. Vizuri mno, mpaka nikaogopa. Baba yake Kabula, wajomba, kaka zake, wote wananitazama kama wako mnadani (ng'ombe ni mimi). Nikikosea neno moja tu, nimemkosa Kabula.

Baba yake akauliza, "Sasa wewe uko huku. Mali yako anaiangalia nani?"

Ningejibu "baba" ingetosha. Lakini mimi nikiulizwa swali, lazima nifundishe! Nikatoa simu.

"Sogeeni, wazazi wangu. Hapa mnaona kaunta. Hapa mbegu. Pale chini ni pampu. Na hapa kwenye benchi..."

Benchi tupu.

Baba hayupo! Duka wazi! Kabla sijasema kitu simu ikalia. Mwanamke anaingia, amejitanda kitenge, kapu mkononi. Akatazama kushoto, akatazama kulia. Akaweka kapu chini. Halafu akashuka mpaka sakafuni, palepale zilipo pampu, akainamisha kichwa. Haondoki. Hainuki.

"Anafanya nini huyo?" mjomba mmoja akauliza.

"Anachagua," nikasema.

"Mwizi?"

"Ndiye mwenyewe, mjomba. Sasa tazameni kazi ya programu."

Nikabonyeza maiki. "Wewe mama! Nakuona! Acha hiyo pampu!"

Mama hakutikisika. Mtandao ulikuwa unajikongoja, mimi nikadhani mama ana kiburi. Nikaongeza sauti.

"Mwizi mkubwa wewe, na kitenge chako!"

Nikabonyeza na kitufe chekundu. (Mkono huu ningeweza kuukana, ningeukana.)

Vyote vikafika dukani kwa pamoja. Mama wa watu akarusha mikono juu, akiwa bado kwenye magoti. Kitenge kikadondoka. Mama lishe wa jirani akaingia mbio na mwiko wa ugali, nyuma yake fundi baiskeli na spana. Na chini kabisa ya picha, taratibu, kikachomoza kipara.

Cha baba.

Kumbe jua lilimfuata pale kwenye benchi, akavuta kigoda akakaa chini ya kabati, mahali pekee ambapo kamera haioni. Yule mama alikuwa anamsalimia! Alipiga magoti, kama mwanamke wa Kisukuma anavyomsalimia mzee. Na salamu zetu mnazijua: mwangaluka, nyumbani, watoto, ng'ombe, mvua, pamba. Hainuki mtu kabla ya pamba.

Kabula, aliyekuwa analeta maji, akachungulia simu. "Baba, huyo si shangazi Minza?"

"Ndiye," baba yake akasema polepole. "Tulimtuma sisi. Tulitaka aone mgeni anavyopokewa kwenu."

Mzee akampigia dada yake, akaweka sauti ya nje tusikie wote.

"Kaka, mzee wa hapa ana adabu sana," shangazi akasema, anahema. "Lakini kuna kitu! Mdomo wake umefumbwa, matusi yanatoka juu ya kichwa chake!"

"Ni huyo kijana, dada. Tuko naye hapa."

Shangazi akatoa hukumu: "Mleteni anisalimie. Kwa magoti. La sivyo mtoto wetu haendi."

"Shangazi," nikajikaza, "mwanaume tena, magoti..."

"Kwani mimi king'ora kilinikuta nimesimama?"

Nikainuka. Baba yake Kabula akanyoosha mkono. "Simu iache. Tutakutazama. Kitufe cha kuongelea ni kipi?"

Nikamwelekeza kwa upole, hatua kwa hatua, mpaka akaweza. (Mwalimu hafi.)

Nimerudi Bariadi kwa bodaboda, kila shimo nikiomba barabara iwe ndefu. Haikuwa. Dukani majirani hawajaondoka, mama lishe ameleta na kiti chake. Nikapiga magoti.

"Mwadila, mayu," nikasema, yaani za jioni, mama.

Shangazi akaanza kuuliza. Nyumbani? Salama. Ng'ombe? Sina, lakini hawajambo. Mvua? Mara spika ikanguruma juu ya kabati, sauti ya baba yake Kabula:

"Inamisha kichwa! Huku huonekani kama unajuta!"

Mama lishe akalala kwenye mifuko ya mbegu kwa kicheko. Baba akatazama pembeni, mabega yanatikisika. Tulipofika kwenye pamba, shangazi akanipa mkono, nikaupokea kwa mikono miwili.

"Haya, inuka. Kabula utamwoa. Ana kazi huyo mtoto."

Nikaanza kuinuka.

"Abaki hivyohivyo!" spika ikasema. "Mjomba mkubwa ndiyo kwanza anaingia huku, hajaona!"

Basi, mchumba ninaye. Fungeni kamera, ni kitu kizuri, ila kwanza jueni haioni wapi. Na tafadhali, msitume vichekesho hapa: simu bado iko Nkololo, naandika kwenye laptop ileile, na wakwe bado wananitazama, wanataka niendelee kuonekana najuta.