Bahari ya Rujewa

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kijiji, watendaji wa ngazi zote na wasio na ngazi, Mchungaji, Baba Paroko, wafugaji, wakulima wa mpunga, wenye mashine za kukoboa, nanyi kina mama mlioketi juani kwa kuwa turubai ni la wageni: kamwene! ("Kamwene!") Itifaki imezingatiwa. (Makofi.)

Nimetoka Mbeya mjini, nikasimama sokoni Mwanjelwa kununua buti hizi za baharini, ili nizindue Mradi Mkakati wa Kupwa na Kujaa kwa Maji, Pailoti ya Kanda. (Vigelegele.) Kule pwani, maji yanapojaa na kupwa hukoroga rutuba ya chini na kuipandisha kwenye mwanga, na vijimea visivyoonekana kwa macho, ambavyo ndivyo chakula cha samaki wachanga, hushiba na kuongezeka, na kwa kuwa bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpevu na mwandamo, hukoroga kwa nguvu na maji mafu, yale madogo, kwa upole, kila aina hupata nafasi yake, jambo ambalo sisi stekiholda tunaliita bayoanuwai shirikishi. Nikajiuliza, mimi mwenyewe, bila kusaidiwa: kwa nini Rujewa tunyimwe? (Sauti: "Tunaonewa!")

Ndiyo maana tulifunga lango la mfereji wa kumwagilia mashamba, ili maji ya zamu ya mkulima wetu Mama Rozalia yajaze bahari hii iliyo nyuma yangu, ambayo utekelezaji wake umefikia asilimia mia moja na nne. (Watu wanageuka. Ni shimo kavu. Mbuzi anapanda kutoka ndani.)

(Mama Rozalia anasimama: "Shikamoo, Mheshimiwa. Kitalu changu cha mpunga kinakauka. Hayo maji yako wapi?")

Marahaba, mama. Swali zuri sana. Yamekupwa. (Kicheko.)

("Yatajaa lini, baba? Miche ikifa, mwaka huu sivuni.")

Sasa hivi! Ndugu Andendekisye, wewe mlinzi wa lango, fungua! (Anafungua. Maji yanalipita shimo bila kuligeukia, yanaingia kitaluni kwa Mama Rozalia. Sauti: "Bahari imehamia kwa Rozalia!" Vigelegele.)

Mmejionea rutuba inavyokorogeka! Vijimea, oyee! ("Oyee!") Bamvua, oyee! ("Oyee!")

Nahitimisha kwa shukrani: kwa wachimba kifusi cha barabara waliotuachia shimo hili, kwa wataalamu, ambao tutawatafuta, kwa mfereji wa kuleta maji hapa shimoni, ambao hatujauchora, na kwa Mama Rozalia, kwa kukubali kitalu chake kiandikwe kwenye ripoti kuwa ndio mradi.

(Mama Rozalia: "Andika tu, baba. Ila lango usiliguse.")