Dawa ya Fedha na Pipa la Mektrida

Jumatatu, 4 Agosti 2025. Pasua.
Nimeziba bomba kwenye maabara moja hapa mjini, nikatoka mwanasayansi. Daktari kanieleza kuwa chembe za madini ya fedha, ndogo hata jicho halizioni, zinaua vijidudu vya hatari, mpaka vile sugu vilivyoshinda dawa za hospitali. Akaongeza kwamba utafiti bado, nisijaribu nyumbani. Hapo nilikuwa nakaza nati, sikumsikiliza sana.

Jumatano, 6 Agosti.
Nimetengeneza. Bangili ya fedha ya mke wangu Nasrin, betri ya pikipiki, waya mbili, dumu la maji safi. Jioni maji yakawa na rangi ya chai nyepesi. Bangili imekuwa nyeusi. Nasrin anaitafuta. Nimemsaidia kuitafuta.

Ijumaa, 8 Agosti. Masama.
Nimepanda mlimani kwa rafiki yangu Basili. Kesho wanakuja kumposa binti yake Winfrida, na huku posa haizungumzwi mpaka wazee waonje mbege, pombe ya ndizi. Mkewe, Mektrida, kaihangaikia wiki nzima: ndizi mbivu, ulezi, pipa zima. Mimi Mwislamu, sijawahi kuionja, lakini macho ninayo. Pipa linachemka bila moto, povu juu. Vijidudu, tena vya hatari. Wazee wangeugua wote. Mektrida alipokwenda kukata majani ya ng'ombe, nikamimina dumu langu lote. Sikumwambia mtu. Sipendi sifa.

Jumamosi, 9 Agosti.
Pipa limenyamaza. Nikafurahi peke yangu. Mzee wa upande wa mume akapewa kata ya kwanza, akaonja, akairudisha. Akasema huu ni uji wa mgonjwa, na kwao hawaposi kwa uji. Wenzake wakaanza kutafuta kofia zao. Winfrida analia jikoni. Nikasimama, nikawaeleza kisayansi. Mektrida akaniambia, shemeji, hivyo vijidudu ulivyoviua ndivyo vinavyoipika mbege. Basili kaniangalia kama vile mimi ni ng'ombe aliyeingia kwenye mahindi yake.
Nikawasha pikipiki. Vilabu vitatu vya pombe, madumu manne, mimi mtoto wa Mzee Sadallah, nanuka mbege mpaka kwenye kofia. Wazee wakanywa, wakakaa, posa ikapokelewa. Winfrida kanishukuru. Mektrida kanipa mkungu wa ndizi, akaniomba nisilisogelee jiko lake mpaka harusi ipite.

Jumapili, 10 Agosti. Pasua.
Nasrin kaiona bangili. Nalala sebuleni.
Nimetafakari. Dawa haina kosa, pipa zima lilinyamaza kwa siku moja. Primus, mwoka mikate wa mtaa wa Soweto hapa mjini, analalamika kinyunga chake cha mikate kinafura mpaka kinamwagika nje ya beseni. Nimempa pole. Nimemwambia asihangaike, hivyo ni vijidudu, kesho asubuhi naja na dumu.