Mwanzi Mgongoni

Jumatatu, 6 Novemba
Barua kutoka ofisi ya kijiji. Wazee wote wa miaka sabini na tano kwenda juu, Alhamisi tukapimwe kama tumo katika hatari ya kuanguka. Unasimama umeegemea ukuta, visigino vimegusa, na kisogo nacho lazima kiguse. Nimejaribu jikoni. Kwa mgongo huu uliopinda, kati ya kisogo changu na ukuta linapita bakuli la wali. Nimeogopa, sikatai. Binti yangu Chizuru alishaapa kwamba nikikutwa na hatari nitahamia kwake Nagoya, ghorofa ya kumi na moja. Na hapa nani atamwekea marehemu mama yake wali na chai mbele ya picha kila asubuhi?

Jumanne, 7 Novemba
Nimekutana na jirani yangu Senba. Miaka themanini na minne, kanyooka kama mlingoti. Akaniuliza eti nimeangusha nini, mbona kutwa nakitafuta chini. Nikamjibu natafuta adabu yake. Moyoni nimeumia.

Jumatano, 8 Novemba
Dawa imepatikana. Nimekata mwanzi wa kuanikia nguo, nikaufunga mgongoni kwa mshipi wa kimono wa marehemu mke wangu. Shati juu yake, koti juu ya shati. Kisogo kimegusa ukuta! Kupumua ni shida kidogo, lakini kupumua hawapimi.

Alhamisi, 9 Novemba
Aibu. Nimefika ukumbini nimenyooka, hata Senba kageuka kuniangalia. Mlangoni ndipo nikakumbuka kwamba viatu vinavuliwa. Miaka sabini na tisa navua viatu kila mlango, na jana hilo halikunijia kabisa. Kuinama siwezi. Kuketi siwezi. Nikajaribu kuvua kimoja kwa ncha ya kingine, miguu yenyewe siioni, nikaenda chali juu ya viatu vya kijiji kizima. Mwanzi ukapasuka kwa mlio wa bunduki. Muuguzi Oishi akadhani ni uti wa mgongo, akapiga yowe.

Aliyeniinua ni Senba. "Pole, mdogo wangu," akasema. "Na huo mwanzi, nguo umeanika wapi?"

Ijumaa, 10 Novemba
Sijavunjika. Oishi kaja nyumbani, kampigia Chizuru simu mbele yangu. Akamweleza kwamba mgongo kupinda si kosa, ila uzito wa mwili hulala mbele na mtu hujikwaa upesi. Nifungiwe ubao wa kushikilia pale mlangoni, na kila siku nifanye mazoezi ya ukutani dakika kumi. Nitapimwa tena Aprili. Chizuru kalia, kisha akakubali nibaki mpaka hapo. Nami nimelia, ila chooni.

Jumapili, 12 Novemba
Mazoezi sijaanza, nafasi sina. Asubuhi nzima nilikuwa kwenye mianzi nyuma ya nyumba, kule mteremkoni kwenye majani yanayoteleza, nikichagua mwanzi mnene zaidi. Nimepepesuka mara mbili tu. Kosa langu nimeshalielewa: viatu vya kuinamia. Aprili nitakwenda na ndara.